Neno Alilotuachia Mdachi

Juzi nilikuwa stesheni ya Stechford, hapa Birmingham, nikingoja treni ya kwenda mjini, baridi ya kukata masikio, na mbele yangu alikuwapo mama mmoja na mtoto wake wa kike. Mtoto mtundu huyo! Anaruka, anazunguka, anaukanyaga makusudi ule mstari wa njano wa ukingoni huku akimtazama mama yake usoni. Mama akavumilia, akavumilia, mwisho uvumilivu ukamwishia. "Koma!" akamfokea, Kiswahili safi kabisa cha nyumbani. Mtoto akasimama palepale. Na mimi, mtu mzima mwenye mkoba wa kazini begani, nikaondoka nilipokuwa, nikaenda moja kwa moja mpaka mbele ya yule mama, nikasimama namtazama.

Alishtuka, masikini. "Vipi, dada? Kuna nini?" Jibu nililompa nitakwambia, rafiki yangu, ila ukilisikia sasa hivi utadhani nimechanganyikiwa. Wewe unajua koma maana yake nini. Mtu akikwambia ukome, unaacha ulichokuwa unafanya, na kama una akili unarudi nyuma. Huendi kwa aliyekwambia. Nyumbani kwetu nako ilikuwa hivyohivyo, tena kwa hofu ambayo sijaiona kwenye nyumba nyingine yoyote, mpaka mwaka ule nilipotimiza miaka kumi.

Tulikuwa watatu, Bibi, Mama na mimi, katika nyumba ya kupanga si mbali na reli. Treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Baba alifariki nikiwa mchanga, na Mama, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee kwa shifti, akamwita mama yake kutoka milima ya Usambara aje anilee. Bibi akaja na sanduku moja, khanga zake, na ukali wake wote. Ndiye aliyenifundisha kuchambua mchele, kukanda chapati, na kila Jumamosi kutikisa siagi. Siagi ya kutikisa wewe unaijua? Unatia malai, ile krimu ya maziwa, kwenye chupa kubwa ya mdomo mpana, unafunga kifuniko, unakaa kitako unatikisa mpaka mikono inakufa ganzi, halafu ghafla unasikia ndani pu, pu, pu, donge limeshika. Bibi alikuwa akiitia chumvi kidogo na kutupakia kwenye kiazi kitamu cha moto kilichonunuliwa Alum Rock. Nikinuna kwamba siagi ipo dukani, ananiambia, "Ya dukani haina jasho lako. Tikisa."

Nilikuwa nikimwelewa neno kwa neno, lakini namjibu kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyokuwa watoto wa huku, masikio ya Kiswahili na ulimi wa Birmingham. Yeye alikuwa ananicheka: "Mjukuu wangu redio. Ukimfungulia stesheni hii, anaimba ile."

Lakini neno koma halikutamkwa mle ndani. Tuliambiana acha, tuliambiana tulia, na Mama akichoka alisema basi kwa sauti ya kutisha. Koma, hapana. Siku moja nililiokota kanisani. Tulikuwa tukisali Saltley, kwenye ukumbi wa kukodi, Wakenya, Wakongo na sisi Watanzania wachache, na watoto wa Kikenya walikuwa wakiambizana koma mchana kutwa. Nikarudi nalo nyumbani nikamwambia mwanasesere wangu, "Koma wewe!" Bibi alikuwa akichekecha unga. Chekecheo likamtoka mkononi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa maana Bibi alikuwa mtu wa kugombeza. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, unga umetapakaa sakafuni. Jioni Mama aliporudi kazini aliniinamia akanishika mabega. "Hilo neno usilitamke tena humu ndani. Umenisikia?" Nikamwuliza kwa nini. "Litamuua Bibi yako," akasema.

Hebu fikiri unamwambia mtoto hivyo! Tangu siku hiyo nilikuwa nalibana neno lile mdomoni nisije nikalitoa kwa bahati mbaya nikaua mtu. Hata shuleni nikiona neno la Kiingereza linaloanza na herufi hizo, moyo unaruka.

Kisa chenyewe nilikuja kukijua kwa sababu ya mwalimu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye sweta lenye matundu viwikoni, na aligawa karatasi zenye picha ya mti tukajaze majina ya wazazi wetu, na wazazi wao, na wazazi wa hao. Nikajaza jina la Mama, nikajaza la Bibi, nikafika juu nikakwama. Nikauliza pale mezani, baba yake Bibi alikuwa nani? Mama akaacha kula. "Andika hayupo," akasema haraka. Bibi akalamba vidole vyake, akasema, "Asiandike uongo kwa mwalimu. Andika Mdachi." Halafu akanihadithia, Mama akimtazama kwa wasiwasi muda wote.

Baba yake alikuwa mzungu wa maziwa. Alisimamia ng'ombe na kutengeneza siagi katika shamba moja kule milimani, na mama yake Bibi alikuwa mpishi wake. Watu walimwita Mdachi kwa sababu wazee walishawaona Wadachi wa zamani, Wajerumani wale wa viboko, na mzungu yeyote ambaye Kiingereza chake kinagugumia alitiwa kundi hilohilo. Bibi alizaliwa mweupe mweupe, nywele laini, watoto wenzake wakimwita chotara. Ile siagi ya kutikisa ilitoka kwa baba yake huyo. Mama yake alijifunza kwa Mdachi, naye akamfundisha bintiye.

Halafu vita kuu ya pili ilipokwisha shamba likauzwa. Asubuhi moja likaja lori. Bibi alikuwa mdogo, hajaanza hata kung'oka meno ya utoto. Mama yake alikuwa ndani analia. Yeye akatoka peke yake akasimama kwenye ngazi ya banda la maziwa. Mdachi alikuwa karibu na lori, kofia mkononi, na alipomwona akanyosha mikono yote miwili mbele, akapaza sauti: "Koma sa! Koma sa!"

Bibi alipofika hapo alinyosha mikono yake juu ya sahani za maharage, viganja mbele, kama askari anayesimamisha gari. "Hivi," akasema. "Injini inanguruma, hata lile neno sasa halikumalizika, nikalisikia sa tu. Koma sa, koma sa! Nami nikakoma. Sikupiga hatua. Akanitazama, akapanda, lori likaenda. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, na guu likavunjika vilevile."

Nikaogopa, we acha tu. Mawazoni mwangu nilimwona Mdachi na viatu virefu na kiboko kiunoni, anatokeza mlangoni kwetu na kunyosha mikono. Na kitu chake kimoja kilikuwa mle mle nyumbani: kitabu kidogo cheusi cha nyimbo za kanisa alichokiacha kwenye banda, ambacho Bibi alikifunga kwa khanga na kukiweka juu ya kabati lake. Nikipita mbele ya chumba kile nilikuwa nakimbia.

Sasa sikiliza kilichofanya mambo yawe mabaya zaidi. Mwaka huohuo Bibi alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Hospitali wakasema mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa, lazima apasuliwe, na kwa umri wake hakuna wa kumwahidi kitu. Bibi kisu hakukiogopa. Alichoogopa ni kukosa radhi. Wewe umelelewa na wazee, unajua radhi ni nini. Mzazi akikuacha kwa neno jema unakwenda nalo, akikuacha kwa neno baya unakwenda nalo hilohilo, na hakuna mwingine wa kulifuta. Bibi alikuwa akimwambia Mama jikoni, sauti chini, akidhani sisikii: "Naingia kwenye kisu bila radhi ya baba. Neno lake la mwisho kwangu ni koma. Nikifa nalo, nakwenda wapi nalo?"

Jirani yetu ndiye aliyejifanya ana jibu. Alikuwa mama wa Kikongo wa mlango wa pili, aliyefika kama mkimbizi na watoto wake, mkarimu wa kukuletea sombe, kisamvu cha kwao, sahani nzima bila kuombwa, na mwenye sauti ya kusikika mpaka Saltley. Alipodokezwa habari ya koma alishika kiuno. "Eh, mama! Ile si maneno ya kawaida, ile ni malédiction, ni laana! Faut tuivunje!" Akaja na mafuta ya kuombea, akatuzungusha sebuleni, akakemea Kiswahili, akakemea Kifaransa, vikombe vikagongana na treni haijapita. Bibi alifumba macho akitumaini. Na Jumapili iliyofuata, kwa bahati mbaya, mchungaji akahubiri kwamba laana huteremka mpaka kizazi cha nne. Nikahesabu kwa vidole nikiwa nimekaa juu ya mikono yangu ili mtu asinione: Mdachi, Bibi, Mama, mimi. Kumbe mimi ndiye wa nne!

Ile karatasi ya mti niliipeleka shule imeandikwa Mdachi juu kabisa, peke yake. Mwalimu akauliza kama huyu hana jina. Mama alipokuja kunichukua, mwalimu akamweleza kwamba maktaba moja ina wazee wanaokutana kila wiki kutafuta habari za mababu, na hawadai chochote. Mama akamwuliza Bibi. Bibi akasema, "Twende. Labda aliandika mahali kwamba amenisamehe." Mama akamwuliza amsamehe kosa gani, mtoto mdogo vile. "Sasa kama sikukosa," Bibi akasema, "alinifukuzia nini?"

Tukapanda basi, kitabu kimo ndani ya khanga mapajani kwa Bibi, nami nimejibana upande wa dirishani nisikiguse. Maktaba kulikuwa na bibi mmoja wa kizungu, mrefu, mikono mikubwa, anakaa Kingstanding. Alikifungua kitabu kwenye ukurasa wa kwanza, palipoandikwa majina kwa wino uliopauka, akaweka mkono mdomoni. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilimwambia Bibi kwa Kiswahili changu cha kuchechemea: anasema hiki si Kijerumani, ni Kidenmaki. Anasema ni lugha ya mama yake. Alizaliwa huko, akaolewa huku na mtu wa Birmingham, na mumewe ameshakufa.

Kwa hiyo Mdachi hakuwa Mdachi! Mimi nikadhani Bibi atafurahi, maana vile viboko sasa si vyake. Bibi akazidi kuogopa. "Huyu niliyekuwa namwogopa nilikuwa namjua," akasema. "Huyu mpya ni nani?"

Majira yote ya baridi tulikuwa tukimfuata huyo mpya. Bibi wa Kingstanding alikuwa akitafuta kwenye kompyuta za huko kwao, ambako mapadri wa vijijini waliandika kila kitu, nani kazaliwa, nani kahamia, nani kazikwa, halafu anatuletea nakala. Siku za nakala, asubuhi, Mama anachemsha chai ya tangawizi, hainywi mtu. Tukajua alizaliwa katika kijiji cha tambarare chenye upepo, baba yake akiwa mkulima maskini mwenye kishamba kidogo na ng'ombe wa kuhesabu. Tukajua alipopata kipaimara alipelekwa kufanya kazi kwa watu, kulala karibu na zizi. Kisha kiwanda cha siagi. Kisha padri akaandika kwamba ameondoka kwenda Afrika. Bibi aliposomewa habari ya zizi alinung'unika, "Mtoto wa watu. Baridi ile." Nikashangaa kumsikia akimwonea huruma mtu ninayemwogopa kiasi kile.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya kifo chake. Alirudi kijijini kwao, akaishi na dada yake, akachunga ng'ombe za watu mpaka uzeeni. Hakuoa. Mahali pa watoto, Bibi wa Kingstanding alisoma polepole, akanitazama kwanza kabla ya kusema. Hakuna.

"Soma tena," Bibi akasema. Nikamwambia hakuna, Bibi. "Sikuandikwa," akasema. Alikunja khanga yake juu ya kitabu, kona kwa kona, akaiambia ile khanga, "Basi. Ameshajibu." Wiki hiyohiyo ikaja barua ya hospitali yenye siku ya upasuaji. Bibi akaanza kugawa vitu vyake. Kitenge cha kijani kwa jirani, bangili kwa Mama. Mimi akanipa ile chupa ya siagi, nikaikataa, nikaisukuma mezani na kulia kwa kelele mpaka Mama akaniondoa.

Bibi wa Kingstanding nadhani roho ilimuuma kuleta habari ile, maana Jumamosi iliyofuata alikuja kututembelea bila kuitwa, na keki, na mbwa. Mbwa! Mama alimpokea mgeni kwa tabasamu na kumtazama mbwa kwa jicho la pembeni. Alikuwa mbwa mfupi wa kahawia, masikio yanaburuta. Kwetu mbwa haingii ndani hata angekuwa na cheo, kwa hiyo akafungwa kwenye geti la mbele. Ndani tukakaa tunakula keki kwa heshima. Bibi akamwonjesha mgeni siagi yetu kwenye kiazi. Mgeni akatafuna, akaacha kutafuna, macho yakamlengalenga, akasema kwao waliitikisa hivihivi na kuitia chumvi hivihivi. Hata hilo halikumfurahisha Bibi. Alitikisa kichwa tu kwa adabu.

Wakati wa kuondoka sote tulitoka mlangoni kumsindikiza. Na ndipo jirani yetu wa Kikongo akawa anaingia, anafungua geti na sahani yake ya sombe imefunikwa kwa foili, akakutana uso kwa uso na yule mbwa. "Mungu wangu! Chien!" Sahani ikaruka, geti likapigwa teke, kamba ikachomoka, na mbwa, aliyeogopa kuliko sisi sote, akatoka mbio kuelekea barabarani. Basi lilikuwa linakuja. Nililiona.

Bibi wa Kingstanding akapiga hatua mbele, akanyosha mikono yote miwili, na kwa sauti ya shambani ambayo hatukujua anayo, akapaza:

"Kom så! Kom så!"

Sikio letu lilisikia nini? Koma sa! Koma sa! Nywele zilinisimama. Vidole vya Bibi vikaingia begani kwangu mpaka nikalia. Nilifumba macho, kwa kuwa mbwa aliyeambiwa akome atakoma palepale alipo, katikati ya barabara, na basi lile.

Mbwa hakukoma. Niliposikia honi nikafumbua macho, na nikamwona amegeuka, masikio yanapepea, anakuja mbio, anaruka ukuta mdogo, anapita kwenye sombe, anaingia moja kwa moja kwenye ile mikono miwili. Bibi wa Kingstanding akamkumbatia na kumsemesha kwa lugha yao.

Kisha Bibi, bila kuniachia bega: "Muulize. Muulize amemwambia nini huyo mbwa."

Nikamwuliza kwa Kiingereza. Akanishangaa, kwa maana swali lenyewe lilikuwa la kijinga, na jibu lilikuwa limejaa mikononi mwake linamlamba shavu. Akaeleza kwamba ndivyo kwao wanavyoita. Mbwa, ng'ombe, na watoto pia. Watoto hasa.

Nikatafuta Kiswahili chake. "Bibi, anasema maana yake ni njoo. Njoo basi."

Bibi akaniachia. Akainyosha mikono yake mbele, vile alivyotuonyesha siku ile mezani, viganja nje kama askari. Akaitazama. Halafu taratibu akaigeuza, viganja vikatazama juu.

Jirani yetu, amekaa ukutani anahema, mboga imemwagika kwenye viatu vyake, ndiye aliyesema kwa sauti. "Donc, mama, hakukufukuzaka!"

Ungedhani hofu iliishia hapo. Mimi mwenyewe nilidhani, nikaanza hata kurukaruka. Lakini Bibi alikaa kwenye ngazi ya mlango, na nikamwona uso wake unaharibika upya. "Aliniita," akasema. "Yeye ananiita, mimi nimesimama namtazama. Basi alikwenda akijua nimemkataa. Amekaa kule na ng'ombe za watu mpaka anakufa, anajua mtoto wake alimkataa." Mama akapiga magoti mbele yake pale nje, baridi, majirani wanaona. "Mama, ulikuwa mtoto." Bibi akasema, "Ningeitika tu. Hata kama asingenichukua. Mtu akiitwa anaitika." Sisi hatujui mpaka leo kama Mdachi alitaka kumpakia kwenye lori au kumkumbatia tu amuage. Hilo halikuandikwa popote.

Siku ya upasuaji nilikwenda nao, shule Mama aliniombea ruhusa. Hospitali ile ilikuwa na harufu ya dawa na ya tosti. Bibi akavishwa lile gauni lao la kufungwa mgongoni, khanga yake ameiweka kifuani, na nesi wa Kikenya, dada mnene mwenye maneno matamu, akaanza kumsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. "Twende, nyanya, tutakurudisha mzima, si ndio?" Mama na mimi tukafuata mpaka kwenye milango miwili mikubwa, tukaambiwa mwisho wetu ni hapo.

Milango ikafunguka yenyewe. Nikaona korido ndefu nyeupe na kitanda kinakwenda, na nywele nyeupe za Bibi juu ya mto, na nikahesabu tena bila kutaka: Mdachi, Bibi, Mama, mimi. Nilitaka kumwita arudi. Nilitaka kusema rudi, Bibi, rudi, kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza alishaniambia mara nyingi kwamba hasikii vizuri. Neno likanikimbia! Nilikuwa na neno moja tu mdomoni, lile nililolibana mwaka mzima.

"Koma!" nikapiga kelele. "Koma, Bibi! Koma sa!"

Nesi akasimamisha kitanda. Akageuka amenitolea macho. "Haki ya nani! Wewe mtoto, unaambia nyanya yako akome?"

Mkono wa Bibi ukapanda kutoka kwenye shuka. "Mwache," akasema, "ananiita." Kisha akapaza sauti, sauti ambayo wenye moyo mbovu hawaruhusiwi kuipaza. Uso wake hakuugeuzia upande wangu. Aliuelekeza juu, kwenye dari.

"Naja! Naja! Naja!"

Milango ikafungwa. Mama akanikumbatia. Tulikaa kwenye viti vya plastiki mpaka nje kukaanza giza, nami nikawa nasema koma, koma, koma, chini chini, mtu akipita anasimama kunitazama.

Alirudi. Alirudi na mshono mrefu kifuani na ukali wake wote, akadai chupa yangu ya siagi, akasema alinikopesha tu. Akatupa miaka mingine mizuri. Na tangu hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya ajabu kuliko zote za Waswahili wa Birmingham. Chakula kikiiva Bibi anasimama chini ya ngazi: "Koma! Koma sa!" na sisi tunateremka mbio. Wageni wa kanisani walikuwa wakiacha vijiko hewani. Mchungaji mwenyewe alipokuja kwa chai na kuambiwa akome mezani, aliomba radhi kwanza ndipo akaketi. Jirani yetu alicheka mpaka akajishika mbavu.

Bibi wa Kingstanding alikufa kabla ya Bibi, na mbwa wake kabla yake. Jirani alihamia mji mwingine kwa wanawe. Nyumba yetu ya Stechford wanakaa watu wengine sasa, mlango wameupaka kijivu. Nikipita sisikii mtu akitikisa chupa, na Jumamosi yangu siagi nanunua dukani kama kila mtu. Bibi tulimzika hukuhuku siku ya mvua ya rasharasha, kitabu kidogo cheusi kimo ndani ya khanga mikononi mwake. Mama alistaafu akarudi Lushoto. Tunaongea kwa simu kila Jumapili, lakini kwa simu huwezi kumwita mtu aje mezani.

Watoto sina. Kwa hiyo lugha ile ya nyumba moja, ambayo koma yake ni njoo, imebaki kwangu peke yangu, na mtu mmoja hawezi kujiita. Miaka imepita sijaisikia, mpaka juzi, kwenye ile baridi, sauti ya mama wa mtu mwingine ilipopaa juu ya kelele za treni, na miguu yangu ikaondoka kabla sijafikiri.

"Kuna nini, dada?" akaniuliza tena, amemvuta mtoto wake ubavuni.

"Samahani," nikamwambia. "Nilidhani naitwa."